Viboko vya Naibu Vilivyochemsha Chai

Mpendwa Mama Phelesia,

Shikamoo. Mwenye nyumba wangu hapa Muhuru Bay hunisomea safu yako kila gazeti likifika, naye hucheka sana unavyowagombeza watu, kwa hiyo najua ninakojipeleka, lakini sina mtu mwingine wa kumweleza ambaye hayuko upande wowote, na ukilichapisha jambo hili nakuomba uliondoe jina la shule, langu liache, mimi sijifichi.

Naitwa Gesare, mwanachuo wa ualimu kutoka Tarime, Tanzania, mwaka wa mwisho, na chuo chetu kina mpango wa kubadilishana na chuo kimoja cha huku Migori, wenzenu wanakuja kwetu na sisi tunakuja kwenu kwa mazoezi ya kufundisha, nami nilifurahi mno kuchaguliwa, si kwa sababu ya kuvuka mpaka, maana shangazi yangu ameolewa Kehancha na sokoni Isebania tunakwenda tangu utoto, bali kwa sababu mkufunzi wetu alituambia kwamba Kenya mwanafunzi hachapwi, sheria imekataza. Mimi shule ya msingi nimesoma nikichapwa, kwetu kanuni bado zinaruhusu, na siku niliyoingia chuoni nilijiapia kwamba mkono wangu hautamchapa mtoto wa mtu kwa sababu amekosa swali. Nikasema basi, nakwenda mahali ambapo hata kubishana sitabishana.

Walimu walinipokea vizuri, siwezi kuwasingizia. Waliniita nyar Tanzania, yaani binti wa Tanzania, wakanipa vipindi vyote vya Kiswahili vya madarasa ya juu wao wakapumzika, wakaniambia pia kwamba mwalimu wa mazoezi ndiye mpika chai ya ofisi ya walimu, ndiyo desturi ya hapa, kila aliyekuja amepika, nami nikacheka, nikafunga kanga nikapika, kuni zipo nyuma ya jiko, sufuria ipo, maziwa analeta mama mmoja jirani, hilo halikuniuma hata kidogo. Kilichoniuma ni mtihani.

Hapa muhula ukifunguliwa watoto hufanya mtihani, na asubuhi ya mtihani wa Kiswahili mawingu yalijikusanya ziwani, na huku mvua ikitishia tu kila mtu wa nyumba za ufukweni anakimbia kuwaokota dagaa, ninyi mnaita omena, walioanikwa chini kwenye nyavu, kwa sababu wakilowa hakuna mtu atakayewala tena, wanabaki kuwa chakula cha kuku. Watoto nao wanakimbia. Basi nusu ya Gredi ya Sita waliingia mtihani ukiwa umekaribia kwisha, wanahema, mikono imejaa magamba, wakajibu walichowahi kukijibu. Walimu wote walijua. Aliyekuwa akisimamia alisema mbele yangu, "Leo hawa wa beach wameisha."

Jumatatu matokeo yakasomwa mstarini, hapa wanaita paredi. Kila darasa lina alama linazotakiwa kufikia, tageti, hilo nilishalisikia ofisini, na kila alama iliyopungua ni kiboko kimoja, na anayechapa ni mwalimu wa somo. Naibu mwalimu mkuu, Mwalimu Jacktone, ana fungu lake la viboko vya mpera, vimekauka vizuri, amevifunga kwa uzi wa nyavu na anaviweka nyuma ya kabati la ofisi ya walimu, nilishaviona hapo. Akachomoa kimoja, akanipa mbele ya shule nzima.

"Kiswahili ni yako, Madam Tanzania. Anza na hao wa beach."

Wa kwanza kwenye mstari alikuwa Liz. Huyu Liz ndiye anayeandika insha nzuri kuliko wote darasani, siku ya kwanza aliniandikia jinsi bibi yake anavyogombana na yangeyange, wale ndege weupe, wanaodokoa omena, nikacheka peke yangu ofisini mpaka wenzangu wakageuka. Sasa alikuwa amesimama mbele yangu, na kiganja alishakinyoosha tayari, kabla sijasema lolote. Kile kiganja ndicho kilichonimaliza.

Nikasema, "Mimi sichapi."

"Kwani huko kwenu hamchapi?" Mwalimu Jacktone akauliza kwa sauti ili wote wasikie. "Si wewe ndio ungefunza sisi hii kazi?"

Walimu wakacheka. Nikarudia, "Sichapi, Mwalimu." Akakichukua kiboko mkononi mwangu akawachapa mwenyewe, mmoja mmoja, na kila mmoja akamwongezea kimoja cha juu akisema, "Hiyo ni ya Madam." Unanielewa, Mama Phelesia? Walichapwa zaidi kwa ajili yangu. Liz hakulia. Aliniangalia kidogo, kisha akaangalia chini, nami nimesimama pale kama mlingoti wa bendera.

Jioni nikaenda ufukweni kumwona mama yake, nikidhani walau yeye atanishukuru. Hakuacha hata kugeuza omena zake. Akaniambia, "Madam, wewe chapa yeye. Usipochapa huyu mtoto atabaki hapa na mimi, ageuze omena mpaka azeeke. Wewe ushasoma, ndio maana unaona huruma."

Kesho yake ilinyesha tangu alfajiri, kuni zimelowa, moshi mtupu, macho yananitoka machozi na saa ya chai inakaribia. Nikaingia ofisini, hamna mtu, kutafuta karatasi za kuwashia moto, nikaliona lile fungu. Nakueleza ukweli, sikufikiri sana. Nikaukata uzi, nikavivunja gotini kimoja kimoja, nikavisukuma chini ya sufuria, vikawaka, Mama, vikawaka ajabu, na chai ikachemka kabla ya kengele. Walimu wakanywa. Mwalimu Jacktone alikunywa vikombe viwili akasema, "Yawa, nyar Tanzania, leo hii chai imeiva kabisa!" nami nikamwongezea sukari.

Alikuja kuvitafuta baada ya mapumziko, kikao kikaitishwa. "Nani amechukua miti yangu?" Nikafungua mdomo niseme ni mimi, lakini mwalimu mkuu, Madam Trizah, mama mpole asiyependa kelele, akaniwahi. "Jameni, huyu ni mgeni. Kuni ilikuwa imelowa, akaona miti, akafikiri ni kuni. Si ni hivyo, mamangu?" Watu wakaanza kucheka, wengine wanapiga meza, na mimi nikanyamaza. Kunyamaza kwangu wakakuhesabu kuwa ndiyo.

Mwalimu Jacktone hakucheka. Anataka Ijumaa ijayo, kwenye paredi, niwaambie watoto kwamba mimi ni mgeni, sikujua, nilidhani ni kuni, niombe radhi, kisha nimkabidhi fungu jipya nililokata kwa mkono wangu mwenyewe. Nikifanya hivyo atatia sahihi ripoti yangu, maana yeye ndiye msimamizi wangu hapa, na nisipofanya ataandikia chuo kwamba nimeharibu mali ya shule na siwatii wakubwa, nirudishwe nyumbani, na kurudishwa maana yake ni kuurudia mwaka mzima. Madam Trizah ameninong'oneza, "Kubali tu, mamangu, hayo ni maneno, watoto watasahau." Mama yangu kwenye simu amesema mgeni kazi yake ni kuinama.

Mimi sijutii. Nigombeze upendavyo, lakini viboko vile ningevichoma tena leo, na vipya sikati, hilo usijisumbue kunishauri. Ninachokuuliza ni hiki, niseme huo uongo mdogo nimalize mazoezi niwe mwalimu, halafu huko mbele nifanye ninavyoamini, au niseme kweli nifukuzwe, na nikishafukuzwa nitakuwa nimemsaidia Liz kwa lipi? Nijibu kama unavyowajibu wengine, usinibembeleze.

Gesare,
Muhuru Bay


PHELESIA ANAJIBU

Marahaba, Gesare. Huku Homa Bay ni mara chache mtu kuniamkia hivyo. Umenizeesha, lakini nimepokea. Kwa kuwa Ijumaa yako haingoji gazeti, jibu hili nimekutumia kwa simu kwanza. Jina la shule nimeliondoa, na majina ya wenzako nimeyabadilisha, kwa sababu wao hawakuniandikia.

Pale Mwalimu Jacktone aliposifu chai nilicheka mpaka binti yangu akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Sasa nimemaliza kucheka. Vuta kiti.

Umefanya jambo la haki kwa njia ya mdokozi. Kiboko uliona ni kibaya, mbona ulingoja ofisi iwe tupu? Fungu ulikuwa unaliona nyuma ya kabati, habari ya tageti ulikuwa umeisikia, na Madam Trizah yuko mlango wa pili tu. Hukumwendea. Ulingoja mpaka watoto wamepangwa mstari, ndipo ukakataa mbele ya shule nzima, ukamtia mwanamume haya mbele ya watu huku kiboko kiko karibu naye na watoto wako karibu naye. Sisemi ungechapa, Mungu apishe mbali. Nasema jambo kama hilo hukataliwa mapema, kwenye mlango wa mkubwa, kabla mtoto hajanyoosha kiganja. Kile cha juu alikipiga yeye na lawama ni yake, usijitwike yote. Lakini kesho ukiingia Gredi ya Sita, waombe Liz na wenzake msamaha kwa hilo la kwako, kwa maneno machache, na usiwalilie. Wana ya kwao ya kulilia.

Kisha ukanyamaza kikaoni! Hapo ndipo ulipoipandisha damu yangu. Msichana aliyevunja viboko gotini, akamtilia sukari mwenye viboko, anaulizwa swali moja anaangalia sakafu. Mimi sikuelewi. Ungekuwa binti yangu ningekurudisha kwenye hicho kikao kwa sikio.

Basi sikiliza, tufike penye kesi yenyewe. Umewahi kujiuliza kwa nini Mwalimu Jacktone, na hasira zake zote, anataka useme hukujua? Mimi nimeishi na watu miaka mingi. Mtu akichukuliwa kitu chake hutaka aliyechukua akiri. Huyu wako anakuomba kwa nguvu zote usikiri. Madam Trizah naye, na upole wake, alikuwahi kabla hujatamka. Wote wawili wanajua kitu ambacho wewe, kwa kujihurumia, hukukiona. Ukisema ulidhani ni kuni, hii ni hadithi ya mgeni na kuni, watu watacheka nayo mpaka Disemba, mambo yameisha. Hakuna atakayeuliza fungu la viboko lilikuwa likifanya nini katika ofisi ya walimu hapa Kenya, ambako kuchapa kumekatazwa na kila mwalimu anajua kumekatazwa. Ukisema ulijua, swali hilo linaulizwa siku hiyohiyo.

Anatisha kuandika kwamba umeharibu mali ya shule. Mwache aandike! Aitaje mali yenyewe kwa jina, aeleze ilinunuliwa wapi na ilikuwa ya kazi gani, kisha aipeleke chuoni kwako na nakala ofisi ya elimu. Nakwambia kalamu itamshinda kabla hajamaliza mstari wa pili. Ndiyo maana anakutafutia wewe maneno, kwa sababu ya kwake hayaandikiki.

Kwa hiyo huo uongo wako si mdogo. Unauita mdogo kwa kuwa ni mfupi. Umefikiria nani atakuwa anausikiliza? Watoto waliona mtu mzima mmoja, katika maisha yao yote ya shule, akikataa kuwachapa. Ijumaa wataambiwa na mdomo wako kwamba hakukataa, alikuwa hajui tu, na kama ishara amewaletea viboko vingine kwa mikono yake. Watoto watasahau? Madam Trizah anisamehe, mtoto aliyechapwa hasahau, hukaa kimya tu kwa sababu hakuna anayemuuliza.

Na hiyo hesabu yako ya kuinama sasa ili usimame baadaye, nimeisoma kwenye barua nyingi sana. Anayeinama kwa ajili ya ripoti atainama tena kwa ajili ya ajira, halafu kwa ajili ya uhamisho, halafu kwa ajili ya cheo, na siku atakayokuwa na cheo atakuwa ndiye mwenye fungu nyuma ya kabati. Sidhani hata Mwalimu Jacktone alizaliwa anapenda kuchapa.

Yule mama wa Liz usimwone mkatili. Nimemsikia vizuri kuliko ulivyomsikia wewe. Anaogopa. Ameambiwa na kila mtu, tangu yeye mwenyewe akiwa mdogo, kwamba mtoto huvuka kwa kiboko, naye hana kitu kingine mkononi. Wewe umeenda kukikataa hicho kimoja bila kumpa kingine, halafu ulitaka shukrani! Rudi. Enda asubuhi anapoanika, chuchumaa ugeuze omena naye, na umsomee ile insha ya bibi na yangeyange kwa Kiswahili, na pale asipoelewa Liz amtafsirie kwa Dholuo. Mwambie, mtoto huyu ana kichwa, alipungukiwa na muda kwa sababu ya mvua. Mwombe siku za mtihani majirani washikane zamu za kuokota omena ili watoto wawahi. Hilo ni jambo ambalo mama anaweza kulifanya, na likifanywa, tageti nayo itasogea bila mtu kuvunja tawi la mpera.

Kuhusu hao wakubwa wako, fanya hivi kabla ya Ijumaa. Leo, ukishasoma hapa, mpigie mkufunzi wako wa Tarime umweleze yote, pamoja na lile la kuingia ofisini na kuchukua, usijipambe. Asikie kwako kwanza. Kesho nenda kwa Madam Trizah peke yake, umshukuru kwa kutaka kukukinga, kisha umwambie hukudhani ni kuni na huwezi kusema hivyo. Usimshtukize paredini. Adabu hiyo anaistahili, na umpe nafasi ya kuchagua atakaa wapi. Halafu Mwalimu Jacktone. Yeye muombe radhi ana kwa ana kwa kuchukua kitu chake bila ruhusa na kwa kumwacha akinywa chai huku hajui, maana hilo la sukari, Gesare, lilikuwa dharau na ulilifurahia. Omba radhi kweli, si kwa kubana meno. Fungu jipya mwambie hapana, mara moja, kwa sauti ya kawaida, usimhutubie.

Sitakudanganya kwamba mwenye haki hushinda kila Ijumaa. Anaweza kukataa kutia sahihi. Chuo chako kinaweza kuogopa. Unaweza kurudi Tarime na kuurudia mwaka, na utauma huo mwaka, na mama yako atakuwa na la kusema kila mkikaa kula. Wakikufukuza, kabla ya kuvuka Isebania nipigie. Ofisi ya elimu ya Migori naijua mlango, tutaingia wawili, na mimi nikiingia mahali huwa sitoki upesi. Lakini hata hilo si ahadi ya ripoti.

Umeniuliza utakuwa umemsaidia Liz kwa lipi. Ijumaa hiyo hutaki kwenda, na mimi nakwambia nenda, uwahi, uvae vizuri. Wamekupa wenyewe nafasi ya kusema mbele ya shule nzima, na hawajui walichokupa. Usitoe hotuba, usitaje sheria, usimtaje naibu. Simama pale, mtafute Liz kwenye mstari wake, umtazame usoni na useme: "Niliomba radhi kwa kuchukua bila ruhusa. Sikudhani ni kuni. Nilijua ni viboko, ndiyo maana nilivichoma."

Kisha waambie Gredi ya Sita wakufuate darasani, mna kipindi.